Picha ya shingo nimelala chali ilinidanganya

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na baridi yabisi ninayo mwaka wa 14 sasa. Vidole vimepinda, hilo nimelizoea. Mwaka jana ndipo kutunga uzi kwenye sindano kukaanza kunishinda, na vifungo vya shati langu mwenyewe nikawa nafungiwa na mke wangu, mimi fundi! Nikiinama kukata kitambaa, shoti inashuka kutoka kisogoni mpaka kiunoni.

Hospitali moja walinipiga eksirei nimelala chali, wakasema shingo ni nzima, haina tatizo, ni uchovu wa cherehani tu. Nikapewa dawa za maumivu. Jumamosi moja kinyozi alipomaliza kuninyoa akanishika kidevu na kisogo, kama kawaida yao, akazungusha. Miguu yote ikafa ganzi, nikakaa kwenye kiti chake robo saa siwezi kuinuka. Simlaumu. Siku zote nilikuwa namwomba mwenyewe.

Daktari wa mifupa niliyemfikia baadaye alianza kwa kuniambia nitembee juu ya mstari wa vigae, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya nne nikayumba. Akaomba eksirei mbili nimesimama: moja nimetazama juu, moja nimeinamisha kichwa mwenyewe, taratibu. Nikitazama juu, mwanya kati ya pingili ya kwanza ya shingo na jino la pingili ya pili, yaani kijiti cha mfupa kinachochomoza juu yake, ulikuwa milimita 3, jambo la kawaida kwa mtu mzima. Nikiinama, 9. Ugonjwa umelegeza kano inayozishika, na nikilala chali zinarudi mahali pake. MRI, picha ya mashine ya sumaku, ikaonyesha mishipa ya fahamu imebanwa hapo hapo.

Pingili hizo mbili zimefungwa kwa skrubu na kuunganishwa kwa mfupa wa nyonga yangu. Uzi natunga tena, polepole. Ila karibu nusu ya kugeuza kichwa hutoka kwenye kiungo hicho, kwa hiyo nikivuka barabara pale Msamvu nageuka na kifua kizima, bodaboda wananicheka.

Ombi langu kwa madaktari: sisi wa baridi yabisi ya miaka mingi tupigwe picha ya shingo ikiwa imeinama, na hasa kabla ya upasuaji wowote, maana mtoa usingizi hutupinda shingo kuingiza mpira kooni. Mimi nilipasuliwa ngiri miaka 3 iliyopita, na habari ya shingo hakuna aliyeniuliza.

Fundi cherehani,
Morogoro