Jenereta la Nyumba ya Mama: Barua kwa Swahiba Aliye Maskati

Kwako swahiba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, barua yako imenifika na nimeifurahia, ila limo ndani yake jambo moja lililonifanya nikae kitako nikujibu upesi, kabla kontena halijafungwa. Umeniandikia kwamba umepata huko Maskati jenereta la dizeli lenye uwezo wa kVA 10 kwa bei nzuri, na kwamba unataka kulileta kwa ajili ya nyumba ya mama pale Mkunazini, ili umeme ukikatika asihangaike tena. Nia yako ni njema, lakini nakuomba usilinunue. Kwa nyumba ile na mahitaji yale, jenereta dogo la petroli la kVA 3, likisaidiwa na betri, litamtumikia mama vizuri kuliko dude hilo, na sababu zangu nimezitoa katika kile kiza cha miezi mitatu ambacho wewe, kwa kuwa ulikuwa umeshasafiri, ulikisikia kwa simu tu.

Unajua kwamba Unguja nzima ilikuwa ikitegemea waya mmoja wa chini ya bahari, uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Ras Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Mwezi wa Mei 2008 umeme ulikatika kwa takriban mwezi mmoja, tukadhani tumeshaonja yote. Kumbe ile ilikuwa salamu tu, kwani Desemba 2009 kisiwa kilizimika tena, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Pemba haikuguswa, maana wakati ule ilikuwa bado inajiendesha kwa mashine zake za dizeli za Wesha, lakini huku kwetu tulipatikana katikati ya kaskazi, msimu wa joto kuliko yote, feni zimesimama na pampu za maji zimesimama, watu wakirudi kwenye visima ambavyo vingine vilikuwa vimeshafunikwa na kusahauliwa. (Kuhusu kile kiza cha 2008, mchumi Alfredo Burlando alikuja kuvihesabu vizazi vya Unguja, akaona kwamba viliongezeka miezi 8 hadi 10 baadaye, kwa hiyo si kila shughuli ya gizani ilihitaji jenereta.)

Waliojiweza walikimbilia madukani, na kila mmoja alinunua kwa kipimo cha wasiwasi wake. Wenye hofu kubwa walinunua majenereta makubwa, na hao ndio waliochoka mwanzo. Mashine kubwa hunywa mafuta hata ikiwa inawasha taa nne na televisheni tu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta inakwenda katika kuizungusha yenyewe. Dizeli ina ubaya wa ziada, kwani ikizungushwa muda mrefu bila mzigo wa kutosha hujaa masizi ndani, ikaanza kutoa moshi mweusi na kutema mafuta ambayo hayakuungua. Nyumba ya mama, ukijumlisha friji, taa, feni mbili na televisheni, haifikishi wati 700. Sasa hiyo kVA 10, ambayo ni kama wati 8,000, ataibebesha nini bibi wa watu anayeishi na mjukuu mmoja?

Hesabu unayopaswa kuiogopa ni ile ya kuanzia. Friji ambayo imeandikwa wati 150 huvuta mara 3 hadi 5 ya hizo, pengine zaidi, kwa ule muda mfupi ambao kompresa inajikwamua, na pampu ya maji hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana utaona taa zinafifia mara moja kisha zinarudi, na jenereta linaguna kama mchukuzi aliyetwishwa gunia ghafla. Kwa pampu ya mama ya nusu farasi, kVA 3 inatosha ikiwa kuna adabu: pampu iwashwe kwanza peke yake, ijaze tangi la darini, izimwe, ndipo friji ichomekwe. Pasi na birika la umeme visahauliwe kabisa, maana birika moja tu linaweza kutaka wati 2,000, na mkaa upo.

Adabu hiyo ndiyo kiini cha barua hii. Nyumba ambazo zilimaliza miezi ile mitatu zikiwa na akiba mfukoni na jenereta zima hazikuwa zile zenye mashine bora, zilikuwa zile zilizopanga saa. Lita moja ya petroli katika jenereta dogo hukupa uniti mbili hivi, tena likiwa na mzigo wa maana, na ukizipigia hesabu uniti hizo utakuta zinagharimu mara kadhaa ya zile tunazouziwa na shirika la umeme. Kwa hiyo kwetu tulikuwa tunawasha baada ya sala ya Magharibi na kuzima kabla ya kulala, na katika muda huo kila kitu kinachohitaji umeme kilifanywa kwa pamoja: maji yanapandishwa, friji inagandisha, simu zote zinachajiwa, watoto wanasoma. Friji iliyofungwa mlango hushika ubaridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa ikiachwa bila kufunguliwa inaweza kufika saa 48, nusu ya hapo ikiwa imejaa nusu. Mke wangu alikuwa akijaza chupa za maji katika kila nafasi tupu ya friza ili barafu yake ishike ubaridi mchana, na mlangoni aliufunga utambi wa kitambaa, ili yeyote atakayetaka kuufungua alazimike kwanza kuufungua utambi na kujieleza.

Nalitaja jambo la friji kwa urefu kwa sababu ya sindano za sukari za mama. Chupa ambayo hajaianza inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini ile anayoitumia inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na mwulize daktari wake kwa aina hasa anayotumia yeye. Shida ni kwamba chumba chake cha juu mwezi wa Februari kinazivuka nyuzi hizo. Wazee wetu walikuwa na dawa yake: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, na vyote vikae penye upepo. Nimemwonesha mjukuu namna ya kukitengeneza, na dada yake amekiandaa kimoja tayari. Kwa hiyo hata jenereta likigoma, dawa haitaharibika usiku mmoja.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hofu zaidi, nalo ni mahali pa kuliweka. Wewe umezoea nyumba za huko zenye uwanja. Nyumba ya Mkunazini haina uwanja, ina kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja hugeuka ubavu, na kuta zimekwenda juu ghorofa mbili kila upande. Moshi wa jenereta una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inayomlaza mtu usingizi asiouamka. Inashauriwa mashine ikae angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, na bomba la moshi lielekezwe mbali na watu. Ndani ya Mji Mkongwe, mita 6 kutoka kwenye dirisha lako ni dirisha la jirani. Mwaka ule wapo walioyaweka majenereta yao ukumbini nyuma ya mlango mkubwa kwa kuogopa wezi, na katika nyumba moja ya mtaani kwetu watoto waliamka usiku wanatapika na vichwa vinawagonga, ikabidi watolewe barazani mpaka walipopata nafuu. Wengine waliyaweka kichochoroni na kuyafunga mnyororo kwenye chuma cha dirisha, moshi ukapanda moja kwa moja kwenye roshani za walio juu, na ugomvi uliotokea hapo uliishi kuliko kiza chenyewe.

Kwa nyumba ya mama, mahali pekee ninapopakubali ni juu ya paa, ule upande wa nyuma ulio wazi, chini ya kijipaa cha bati kisicho na kuta, ili mvua isililoweshe na moshi uchukuliwe na upepo. Na hiyo peke yake inatosha kuikataa dizeli yako, maana mashine ya kVA 10 ina uzito wa mamia ya kilo, na sakafu ile ni ya boriti za mikoko na chokaa iliyokwisha kuona mvua nyingi. Jenereta la kVA 3 vijana wawili wanalipandisha ngazi bila kuita winchi. Mafuta yasikae huko juu pamoja nalo kwenye jua, yawekwe kwenye dumu la chuma lenye kifuniko madhubuti, penye kivuli, mbali na jiko, na asilijaze mtu jenereta likiwa linanguruma au likiwa bado la moto.

Suala la kuliunganisha na nyumba nakuomba uniachie mimi na fundi mwenye leseni. Utasikia watu wakikwambia kwamba kazi ni rahisi: unatengeneza waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, mmoja unauchomeka kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Inawaka kweli. Lakini mtu akisahau kuzima swichi kubwa, umeme huo unatoka hadi mtaani, unaingia kwenye transfoma kwa mlango wa nyuma na kupandishwa hadi maelfu ya volti, na fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imekufa anaweza kuushika. Tena umeme wa shirika ukirudi ghafla, unakutana na ule wa jenereta, na mashine yako inaungua. Tutafunga swichi ya chenjiova, ambayo haikubali pande mbili kwa wakati mmoja: ama shirika, ama jenereta. Na mama asigawe umeme kwa majirani kwa waya mwembamba wa ekstensheni uliobaki umeviringishwa, kwani waya uliojiviringisha hupata moto hadi ngozi yake inayeyuka. Najua moyo wake, atataka kumpa kila mtu, basi tutamwekea waya mnene kwa nyumba ya pili tu, kwa taa na simu.

Kuhusu betri, hapo ndipo fedha utakazookoa kwenye dizeli ziende. Mwaka 2010 inveta, kile kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa kuendeshea vyombo vya nyumbani, lilikuwa jambo la maofisi na mahoteli, leo lipo majumbani. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na amp-saa 200 ina uniti 2.4 kwenye karatasi, lakini usihesabu zaidi ya nusu yake ukitaka idumu. Ya lithiamu inakubali kutumiwa karibu yote, nayo ni nyepesi. Jenereta likiwaka zile saa za jioni litaijaza, kisha usiku kucha mama atakuwa na feni, taa na simu bila kelele wala moshi. Paneli za jua zingelifaa zaidi kuliko petroli, ila lile ni jengo la Mji Mkongwe, na kitu chochote cha kubadilisha sura ya paa kinahitaji kwanza kibali cha mamlaka ya hifadhi. Nitakwenda kuuliza, lakini kontena lisisubiri jibu lao.

Huenda ukaniuliza kama yote haya yana haja, ikiwa waya mpya wa megawati 100 uliogharamiwa na Marekani unafanya kazi tangu 2013. Nakujibu kwamba unafanya kazi, na kiza cha miezi hatujakiona tena, alhamdulillahi. Lakini umeme wetu bado unatoka Bara kwa njia ya chini ya bahari, kwa hiyo kikohozi cha kule ni homa ya huku, na kukatika kwa saa kadhaa hakujatuacha. Jenereta dogo na betri ni kipimo cha saa hizo, na likitokea kubwa kuliko hapo, ratiba ndiyo itakayotuvusha.

Basi unaponunua, lisiwe lile dogo kabisa la kuchanganya petroli na oili, maana yale hulia mtaa mzima na huchoka haraka. Liwe na kifaa chake cha kusawazisha volti, na ununue pamoja nalo plagi mbili za injini za akiba, chujio la hewa, na oili ya kutosha kubadilishwa baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100. Petroli itolewe yote likitaka kukaa muda mrefu, na liwashwe japo mara moja kwa mwezi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma kilicholala. Niletee vipimo vya urefu na upana wake kabla hujalipa, nimwite mwashi aanze kijipaa, na umwandikie mama mwenyewe kwamba hilo kubwa halitakuja, maana mimi akiniuliza nitamwambia ni uamuzi wako.

Wasalaam,

Swahiba wako wa tangu chuoni,
Unguja