Nilichokikuta kwenye metali ni msiba, sio shetani

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba vijana wanaosikiliza metali, ule muziki wa magita mazito ya umeme, wanakaribisha mashetani majumbani. Sina ugomvi nae, naona kabisa aliandika kama mzazi, ila mi naishi Tabata, huo muziki nausikiliza karibu kila siku, na nilichokikuta humo ndani ni msiba.

Kwanza tuelewane, metali ina matawi mengi. Ninaloongelea linaitwa dumu metali, sio dumu la maji, hilo ni neno la Kizungu lenye maana ya maangamizi. Ni muziki wa taratibu sana. Sisi hapa Dar tumezoea singeli, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, MC anatema maneno mpaka unajiuliza anahema saa ngapi, na singeli naipenda, nimekua nayo. Sasa chukua ile spidi uigawe mara nne. Gita linapigwa mara moja alafu linaachwa linalia mpaka liishe lenyewe, ngoma inafuata kwa kuchelewa kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mkaa mgongoni, na wewe unayesikiliza huna haraka ya kwenda popote.

Huo uzito ambao watu wanauita wa kishetani una historia yake. Tony Iommi wa Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 17 anafanya kazi kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga gita kwa mkono wa kushoto kwahiyo hivo ndio vidole vya kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akajitengenezea vikofia vya kuvaa vidoleni, akatumia nyuzi nyembamba, baadae akawa anazilegeza zisimsumbue, na uzi ukilegea sauti inashuka chini inakuwa nzito. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1970 na dumu metali yote imeota hapo. Kijana wa kiwandani aliyeumia kazini akakataa kuacha gita, basi.

Mi niliingia humu kupitia kifo cha baba. Wenye misiba wanaelewa, siku tatu nyumba imejaa watu, turubai limefungwa, masufuria ya pilau, kina mama jikoni, alafu tanga linaanuliwa na kesho yake mtaa unaendelea, bodaboda zinapita, bajaji zinapiga honi, wewe unarudi kazini na bado moyo haujatoka makaburini. Rafiki yangu akanitumia wimbo wa bendi ya Bell Witch kutoka Seattle, Marekani. Wako wawili tu, besi na dramu. Mpiga dramu wao wa mwanzo, Adrian Guerra, alifariki 2016, na mwaka uliofuata wakatoa albamu ambayo ni wimbo mmoja tu wa dakika 83, na katikati ya ule wimbo wameweka sauti ya marehemu mwenyewe, walikuwa wamemrekodi zamani ikabaki haijatumika. Nikausikiliza kwenye daladala jioni, foleni ya Buguruni haisogei, nikashuka kituoni kwangu bado haujaisha, nikakaa kwenye benchi la muuza chipsi mpaka mwisho. Nililia pale. Muuza chipsi hakuniuliza kitu, aliniletea maji tu. Tangu siku ile akiniambia mtu kwamba huu muziki unaharibu watu namjibu kwamba mimi umenipa muda wa kumlilia baba yangu ambao nilikuwa sijaupata.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya hasa nishike kalamu. Hizi bendi sa hivi haziishii kwenye gita, wanachanganya na ngoma za asili na vyombo vya kwao na hata jazi. SubRosa wa Salt Lake City walikuwa na wapiga fidla wawili mbele ya magita mazito. Alafu kuna Messa, bendi ya Italia, mwaka 2022 wametoa albamu inaitwa Close, humo ndani kuna udi. Udi huu huu wa taarab. Siku nimeiweka kwenye sabufa chumbani, Jumapili mchana, mama yangu ni mtu wa Unguja na taarab ya zamani ndio maisha yake, akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akauliza, "Nani huyo anapiga udi humo?" Nikamwambia Wataliano, mama. Akakaa kwenye kona ya kitanda. Magita yalipoingia akakunja uso kidogo lakini hakuondoka, udi uliporudi akatikisa kichwa akasema, "Huyu ana huzuni huyu." Mchuzi uliungua siku hiyo.

Mama hajui dumu metali ni nini ila alichosema ndicho chenyewe. Na mimi tokea hapo nimekuwa nikijiuliza, kama Mtaliano ameona udi unakaa vizuri kwenye huu muziki, sisi tuliolala na kuamka na udi, fidla na ile ala ya nyuzi inayoitwa kanuni tunasubiri nini? Na sio pwani tu. Msikilize marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, lile zeze linavyokwaruza sauti moja ndefu huku yeye anapandisha sauti juu yake. Au ilimba ya Wagogo, boksi la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye tundu la lile boksi wanabandika utando wa buibui ili kila noti ivume. Fundi wa ilimba alitaka sauti ikwaruze kwa makusudi, na wapiga metali wanatafuta kitu hicho hicho kwa umeme. Hata mchiriku wetu wa Uswahilini, vinanda vidogo kwenye spika zilizochoka, ule mkwaruzo ndio utamu wake. Nairobi wenzetu wameshajaribu metali ya kwao, bendi inaitwa Duma walitoa albamu 2020, ile ni ya kasi na kelele kali sana, ni tofauti na hii ninayoisema, lakini wamethubutu.

Kwahiyo mhariri, ombi langu ni hili. Vijana wenye zeze, wenye udi, wenye gita la umeme hapa mjini wapo, nawaona kwenye maharusi na kwenye maonyesho, kila mmoja na kikundi chake. Wakutane. Wapige taratibu, warekodi hata kwa simu. Na mwandishi wenu wa burudani siku wakipiga aende akawasikilize nyimbo nzima kabla ya kuandika, hata kama wimbo mmoja ni nusu saa. Mimi nitakuwepo, na mama nitakuja nae.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam