Mnatuanzishia habari, mnatuacha njiani

Mhariri,

Gazeti likifika mkononi mwangu, siasa husubiri. Nalifungua katikati, kwenye ule ukurasa wenu wa mchanganyiko, ambako sayari mpya imekaa jirani na harusi ya mwigizaji, na chini yao kuna ushauri wa namna ya kupata usingizi. Wapo wanaoudharau ukurasa huo, eti ni wa kupotezea muda. Nyumbani kwetu ndio pekee unaopita mikono yote, kuanzia bibi hadi mtoto wa darasa la tano, ndiyo maana nimeona nishike kalamu.

Shida yangu ni kwamba mnaanzisha habari kwa kishindo, kisha hamrudi kutuambia iliishia wapi.

Februari 2025 mliandika kwamba mwamba wa angani uitwao 2024 YR4 ungeweza kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. (Mliuita kimondo. Kimondo ni kile kinachowaka kikishaingia kwenye anga letu, ila hilo nawasamehe.) Hamkudanganya. Mwamba huo ulionekana Desemba 2024 kwa darubini iliyoko Chile, na kufikia tarehe 18 Februari uwezekano wa kutugonga ulikuwa takriban asilimia 3.1. Mlikoleza kichwa cha habari kwa wino mwekundu. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi, akachukua kalamu akapiga hesabu pembezoni mwa gazeti: 2032 toa 2025, jumlisha kumi. Kumi na saba. Akaizungushia duara, akaniuliza kama mtu wa miaka kumi na saba anakuwa ameshamaliza shule.

Wiki moja tu baadaye uwezekano huo ulikuwa umeporomoka hadi karibu na sifuri. Nikapekua gazeti siku hiyo, kesho yake na keshokutwa. Kimya. Na hapo ndipo palipokuwa na utamu wa habari yenyewe! Maana mtu angeuliza: inakuwaje hatari ipande kila siku halafu itoweke ghafla? Wanaastronomia wanapoanza kuufuatilia mwamba hawaijui njia yake barabara. Wanachokuwa nacho ni ukanda mpana wa mahali unapoweza kupita, na Dunia imo humo kama punje kwenye ungo. Kila usiku wa kuutazama unaupunguza ukanda, na maadamu Dunia bado imo ndani, sehemu yake inazidi kuwa kubwa, kwa hiyo asilimia inapanda. Ukanda ukija kusinyaa ukaiacha Dunia nje, hesabu inaanguka siku hiyohiyo. Nilimweleza mpwa wangu kwa kijiti na kamba sakafuni, akaelewa kwa dakika tano. Mngeweza kumweleza nyinyi.

Nije kwa shangazi yangu. Huyu alisoma kwenu kwamba afya njema ni hatua 10,000 kwa siku. Tangu hapo, saa nne usiku utamkuta anapita ukumbini, simu mkononi, anakwenda na kurudi kati ya mlango na dirisha kwa sababu zimebaki 600. Ukimsemesha anakuonyesha kidole, maana yake usimpotezee hesabu, ingawa anayehesabu ni simu. Sasa hiyo 10,000 ilitoka wapi? Japani, mwaka 1965, kampuni moja ilipotoa kifaa cha kuhesabia hatua kikaitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, tena jina zuri la kuuzia. Wataalamu walipokuja kuwafuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wenye umri wa wastani wa miaka 72, wakachapisha matokeo mwaka 2019, waliona kuwa waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wale wa 2,700, na kwamba tofauti iliendelea hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Shangazi ana miaka 70. Habari hii ingemruhusu alale mapema.

Halafu kuna soseji, ambayo kila mwaka hamkosi kuirudia: "Nyama ya kusindika ni hatari sawa na sigara." Hapana. Oktoba 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama hiyo kundi moja na tumbaku, lakini makundi yale hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara. Walisema gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Tuseme kati ya watu 100, watano wangeugua katika maisha yao. Ongezea asilimia 18 ya hao watano, unapata karibu sita. Si jambo la kupuuza, lakini ni sentensi mbili tu, na nafasi ilikuwepo: pembeni mliweka picha ya soseji yenye ukubwa wa kiganja changu.

Utamaduni ndio msiseme. Wezi walipoingia jumba la makumbusho la Louvre, Paris, tarehe 19 Oktoba 2025 na kuondoka na vito vya kifalme kwa dakika chache, tulipata habari siku nne mfululizo, pamoja na mchoro wa ngazi. Mwaka huohuo Uholanzi iliirudishia Nigeria kazi 119 za shaba za Benin, ufalme wa zamani uliokuwa katika Nigeria ya leo, zilizoporwa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1897. Huo nao ni wizi wa hazina za kifalme, na zimerejeshwa baada ya zaidi ya karne. Habari hiyo kwenu ilipata mistari mitatu, chini ya nyota za wiki.

Siombi ukurasa mpya. Tengeni pembe ndogo tu kila Jumamosi, muiite mnavyopenda, mtwambie yale mliyoyatangaza yamefika wapi. Na utafiti ukija, ongezeni umefanywa kwa nani, panya au watu, na wangapi. Harusi za waigizaji ziacheni zilivyo, bibi atawashitaki.

Nikiwa bado nina nafasi: fumbo la maneno la wiki iliyopita, namba 14 kushuka, jibu lina herufi saba na visanduku mlivyoweka ni sita. Nimefuta mpaka karatasi imetoboka.

Ni mimi,
Msomaji wa ukurasa wa katikati