Shoga, mashine usiirudishe dukani

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku wote wazima, Mama Rehema anakusalimu, anasema deni la ukili hajalisahau. Nilitaka kukujibu jana usiku, lakini jambo lenyewe haliingii kwenye ujumbe wa simu.

Umesema mashine ya presha ni mbovu kwa sababu Jumapili ilimsoma shemeji 168 kwa 97, baada ya dakika mbili namba ya juu ikawa 154, halafu 141, naye hajainuka kitini. Usiirudishe kwanza. Presha haitulii mahali pamoja. Hupanda mtu akiongea, akiudhika, akibana mkojo, na kipimo cha kwanza mara nyingi huwa juu kuliko vinavyofuata. Ninachokitilia shaka ni mkanda.

Kwenye picha uliyonitumia ncha ya mkanda imeshika kidogo tu pembeni, karibu kufunguka. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime mzunguko wa mkono wake katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayouzwa pamoja na mashine ni ya mkono wa sentimeta 22 hadi 32, na vipimo vimeandikwa kwenye mkanda wenyewe. Akizidi hapo, tafuteni mkanda mkubwa, wa kampuni ile ile ya mashine. Mkanda mdogo hulazimika kubana zaidi ndipo uzibe mshipa, na mashine huihesabu nguvu hiyo kuwa ni presha. Kwa hiyo mtu mnene hubebeshwa presha asiyokuwa nayo. Wewe mwembamba nawe uangalie: mkanda mpana kwako utasoma chini, ujione mzima kumbe sivyo.

Mkanda ukishapatikana, akajisaidie haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla ya kupima asinywe kahawa wala chai ya rangi, asivute sigara, asibebe ndoo. Akae kwenye kiti chenye egemeo, si mkekani, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Mkono aulaze juu ya meza, mkanda uwe usawa wa chuchu, kwenye ngozi tupu, vidole viwili juu ya kiwiko. Akiuweka pajani, mkono uko chini ya moyo na namba inapanda yenyewe. Kisha dakika 5 za kimya, kimya kweli, hata wewe usimuulize "inasomaje?" Kuongea peke yake kunaweza kuongeza kama 10.

Siku ya kwanza apime mikono yote miwili, na kuanzia hapo atumie ule uliosoma juu. Ikipishana zaidi ya 15 kila mara, daktari aambiwe. Asubuhi apime kabla ya dawa na kabla ya kula, mara mbili, kati yake dakika moja. Jioni vivyo hivyo. Siku 7, zote daftarini, hata zile zisizompendeza. Za siku ya kwanza usizihesabu, zilizobaki tafuta wastani wake. Nyumbani mpaka wa presha ya juu ni 135 kwa 85. Kliniki ni 140 kwa 90, maana wengi hupanda wakiona koti jeupe.

Sasa lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba ameacha vidonge kwa sababu ilisoma 126. Mwanaidi, hiyo 126 ni kazi ya vidonge! Amlodipini, hivyo vidonge vyake vya presha, haitoki mwilini kwa siku moja, kwa hiyo siku za mwanzo namba zinaweza kubaki nzuri, halafu zikapanda taratibu bila yeye kusikia chochote. Kichwa kutouma si kipimo. Figo na macho vinaharibika bila maumivu. Kama ameacha kwa sababu miguu inavimba, aseme kliniki, amlodipini hufanya hivyo, kama dawa nyingine za presha, kaptoprili na lisinoprili, zinavyoleta kikohozi kikavu. Abadilishiwe, dawa nyingine zipo, ila asijikatie mwenyewe.

Na zile diklofenaki, dawa za maumivu ya goti, anazomeza kila jioni? Hizo huzuia figo kutoa chumvi na maji, presha ikapanda na dawa zake zikapungua nguvu. Kliniki wanajua kuwa anazitumia? Chumvi nayo: chini ya gramu 5 kwa mtu kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha papa, vidonge vya kuungia mchuzi na vyote. Magadi ya kwenye mlenda nayo yana sodiamu.

Ikifika 180 kwa 120, atulie dakika 5, apime tena. Ikibaki hapo, amwone daktari siku hiyo hiyo. Asimeze dozi mbili wala asiwekewe kidonge chini ya ulimi, kuishusha ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Lakini kifua kikibana, mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito au mkono ukilegea, acheni mashine mezani mkimbie hospitali, hata kama namba ni ndogo.

Haya nijibu upesi. Mzunguko wa mkono wake ni sentimeta ngapi? Vidonge ameacha tangu lini, na ni miligramu ngapi? Miguu inavimba? Kliniki anarudi tarehe ngapi, na daftari utalibeba wewe au nimwombe Mama Rehema amsindikize? Na wewe mwenyewe, maadamu mama yako ana sukari, ulipima yako lini kabla hujala? Ikifika milimoli 7 kwa lita irudiwe siku nyingine, usingoje kiu. Kile kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi mlienda na Bi Zuhura, au mliishia sokoni?

Wako,
Saumu

Tepu ikikosekana, zungusha uzi kwenye mkono, kisha uupime kwa rula ya mtoto.