Kabla hujanunua friza

Kishapu, Shinyanga
14 Julai

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mama kwa sauti. Amefurahi sana kusikia umepata ekari tatu Kisarawe na kwamba unataka ule cha shambani kwako mwaka mzima bila kukimbilia dukani. Nilipofika pale unaposema utaanza kwa kununua friza kubwa na sola ya kuiendesha, akanisimamisha. "Muulize," akasema, "mvua ikichelewa mwezi mzima, humo ndani kutakuwa na nini?" Swali hilo limenikaa kichwani tangu Jumamosi, ndiyo maana leo nimeacha kazi nyingine zote nikuandikie.

Unajua mimi nina miaka sita tangu nirudi huku. Miaka miwili ya mwanzo nilivuna vizuri kabisa, na miaka yote miwili Januari ilinikuta mnadani nanunua mahindi kwa debe. Mwezi wa sita kila nyumba ina chakula, hata ya mvivu. Utamjua anayejitegemea Januari na Februari, mahindi yakiwa bado machanga shambani, kunde ndiyo kwanza zinatambaa, na bei imepanda mpaka mtu anatoa mbuzi apate mahindi. Kulima nilikuwa nimejua. Kuweka ndiko sikujua, na mama alikuwa amekaa hapo hapo uani akisubiri niulize.

Basi nianze na viazi vitamu, kwa sababu ndivyo vilivyotuvusha. Huku vinachimbwa Mei mpaka Julai, na kiazi kikishatoka ardhini hakikusubiri: baada ya wiki chache kimenyauka, au kimeoza, au fukusi wamekitoboa kikawa kichungu. Kwa hiyo tunatengeneza michembe na matobolwa. Nyie wa mjini huwa mnachanganya majina haya. Michembe ni viazi vilivyomenywa, vikakatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa vinachemshwa kwanza, vikipoa ndipo vinakatwa na kuanikwa. Matobolwa yana kazi zaidi na yanakula kuni, lakini ni matamu, na mtoto anaweza kutafuna makavu hivyo hivyo akienda shule. Wateso wa Uganda nao wana michembe yao, wanaiita amukeke. Ziwa limetutenganisha ila akili ni moja.

Ungemwona mama anavyokata. Anakaa kwenye kigoda, kiazi mkono wa kushoto, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba, bila ubao, na vipande vinadondoka kwenye ungo vyote vya unene mmoja. Utomvu unaganda mikononi mpaka vidole vinakuwa vyeusi, na weusi huo sabuni haiutoi, unakaa siku kadhaa. Nilipomuuliza kwa nini anashikilia sana unene mmoja, alichukua kipande changu kinene kilichokuwa kimekaa juani siku tatu akakivunja katikati. Nje kilikuwa kikavu kama kigae, ndani bado kinanata. "Hiki kimoja," akasema, "kinawanywesha maji wenzake wote." Na ni kweli, unyevu wake hautulii humo, unahamia kwa vipande vinavyokizunguka.

Tunaanika juu ya majabali. Uliyaona ulipokuja kwenye msiba wa baba, yale mawe makubwa nyuma ya zizi. Kufika saa nne asubuhi jiwe limeshashika moto, kwa hiyo kiazi kinakaushwa na jua kutoka juu na jiwe kutoka chini. Siku tatu au nne za jua la Julai zinatosha. Jioni tunakusanya kabla ya umande, asubuhi tunatandaza tena, na mtoto mmoja kazi yake ni kufukuza kuku na mbuzi. Mama macho yake siku hizi hayaoni vizuri, anapima kwa masikio. Anachota kwa viganja viwili anamwaga kwenye ungo. Vikilia kama changarawe, tunaingiza ndani. Sauti ikiwa nzito, vinarudi jabalini, hata kama mimi nimechoka.

Mwaka wangu wa tatu sikusubiri masikio yake. Alikuwa ameenda kuuguza ndugu yake, mawingu yakajikusanya, nikaogopa mvua. Nikazoa matobolwa yangali na joto la jua, nikayajaza kwenye mifuko ya salfeti na kufunga midomo. Ile joto ilitoa jasho ndani ya mfuko. Wiki ya tatu nilipofungua nilikutana na harufu ya udongo wa chini ya mtungi, na vipande vimeota ukungu wa kijani. Madebe sita, rafiki yangu. Nilitaka niwape kuku. Mama aliporudi alikataa kabisa, akasema chakula chenye ukungu hakipewi mtu wala mfugo, tukachimba shimo tukafukia. Nililia siku ile, na sasa najua alikuwa sahihi kuliko nilivyodhani.

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu wewe utalima mahindi na karanga sehemu yenye unyevu. Kuna sumukuvu. Inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka, na ikishaingia haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, ilithibitika watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Mwaka 2016 ikatupata na sisi, Dodoma na Manyara, wakafa watu wapatao 20. Walikuwa wakulima kama sisi, waliokula chakula chao wenyewe kutoka ghalani mwao. Kwa hiyo mtu akikwambia cha kienyeji siku zote ni salama, usimkubalie. Wazee walikuwa salama kwa sababu walikuwa wakali kwenye kukausha.

Kwa mahindi kuna kipimo rahisi nilichofundishwa na bwana shamba. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kama theluthi yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini bila kunata, ingiza ghalani. Mama yeye hung'ata punje, lakini meno ya kusikia hivyo hujengwa kwa miaka.

Huko kwako majabali huna, na hewa ya Kisarawe inabeba bahari. Usiige vya Shinyanga kama vilivyo. Una dirisha dogo: masika yakishaisha, kuanzia Juni hadi Septemba, ndipo jua na upepo vinakusaidia. Panga viazi vyako vikomae ndani ya miezi hiyo. Jenga kichanja cha miti kinachofika kiunoni, tandika wavu, ili upepo upite chini na juu, kata vipande vyembamba kuliko vyetu, na ukiweza tengeneza kaushio la fremu ya mbao na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Embe zako zitaiva Desemba mvua za vuli zikiwa bado zinasumbua, na hizo usihangaike kuzikausha juani. Hapo wafuate watu wa pwani: chuma embe zikiwa mbichi, kata, zitie chumvi, zipate jua la siku mbili tatu kila linapotoka, kisha siki, pilipili, bizari na mafuta. Achari ikifunikwa na mafuta yake inakaa miezi. Mwambao wana chumvi, wakaijua kazi yake. Ndiyo maana wana ng'onda na papa mkavu. Huku kwetu chumvi ilikuwa ya kufuatwa. Wasukuma walikuwa wakienda kwa miguu misafara hadi Ziwa Eyasi kuichota. Nadhani ndiyo maana vyakula vyetu vya akiba karibu vyote ni vya jua na moshi, chumvi haikuwa ya kumwagia viazi.

Mboga za majani ndizo zitakazokushangaza. Majani ya kunde tunachuma yakiwa laini, tunachemsha kidogo tu, tunakamua, tunaanika. Hiyo ndiyo nsansa. Gunia zima la majani linaingia kwenye furushi unaloweza kulikumbatia. Mgagani nao hivyo hivyo, na wenzetu wa Dodoma wana mlenda wao mkavu. Anika kivulini penye upepo, usianike kwenye jua kali. Mama anasema jua linaondoa rangi. Bibi afya wa hapa akaniongezea kwamba rangi hiyo inaondoka pamoja na vitamini A.

Kunde na maharage tunachanganya na majivu yaliyochekechwa, makavu, mengi, yajaze nafasi kati ya punje mpaka mdudu akose njia. Ulezi hauhitaji hata hayo, punje zake ni ndogo mno kwa wadudu wa ghala, unakaa miaka. Ningekuwa wewe ningelima robo ekari ya ulezi kila mwaka nisiuze hata kisado.

Mahindi ni habari nyingine. Babu aliyaweka na maganda yake kwenye dari juu ya jiko, moshi ukayalinda, na ilitosha. Kisha akaja dumuzi, mdudu wa ghala. Asili yake Amerika ya Kati. Hapa nchini aligunduliwa Tabora mwaka 1981, wengine wakamwita Scania, kama yale malori. Huyu anapenda hasa mahindi yaliyo kwenye gunzi, kwa sababu punje haisogei anapotoboa, na muhogo mkavu anaugeuza unga. Kwa hiyo hapa nimeacha njia ya babu bila kujutia. Napukuchua, nakausha, natia kwenye ile mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa. Mama aliitazama siku ya kwanza, akaipapasa, akasema hiki ni kihenge. Alikuwa na maana kwamba na wao walikuwa wakiziba kihenge kwa udongo na samadi ya ng'ombe mpaka mdudu wa ndani akose pumzi.

Muhogo uache ardhini mpaka unapouhitaji, ukishang'olewa unaharibika ndani ya siku mbili tatu. Ukiamua kutengeneza makopa, yaani muhogo mkavu, na muhogo wako ni mchungu, usifupishe kuuloweka au kuuvundika, hata njaa ikibana vipi. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walifupisha, na wapo waliopooza miguu wasipone tena. Panda mtamu karibu na nyumba, mchungu mbali, na watoto wajue tofauti.

Friza siikatai. Samaki na nyama itakufaa, na mimi mwenyewe ningeipenda. Ila mwaka huu wa kwanza hiyo fedha jengea kichanja na ghala lililoinuliwa, lenye vizuizi vya panya kwenye miguu, halafu tuone Januari itakukutaje.

Nimekutumia mzigo kwenye basi la Jumatano, kondakta ana namba yako. Kuna debe la matobolwa, michembe kidogo, na furushi la nsansa limefungwa kwenye kanga. Matobolwa yaoshe, yaloweke mpaka yalainike, chemsha, na karibu na kuiva mimina karanga zilizotwangwa, chumvi kidogo, basi. Kula na mtindi ukiupata. Nsansa iloweke kwanza na ubadilishe maji mara moja, nayo inapenda karanga. Usiyale yote: weka bakuli moja la matobolwa kwenye chombo chenye mfuniko, ulifungue mwezi wa kwanza, uniandikie yanalia vipi ukiyamwaga kwenye ungo. Mama anataka kujua hewa ya huko inayafanyaje.

Kanga ni yako. Debe lirudishe kwa basi hilo hilo, ni la mama, ndilo analopimia.

Anakusalimu sana, anasema uje Juni ijayo ukae wiki mbili, mikono iingie utomvu.

Mimi rafiki yako wa siku zote.