Usiichomeke kwanza

Swahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu ni kwenu na mvua za Morogoro.

Picha za redio yako ya Pioneer nimeziona, nikafurahi kana kwamba nimeinunua mimi. SX-450 ni ya mwaka 1976, wati 15 kwa kila upande. Kutikisa mtaa haziwezi, ila sebuleni kwako zinatosha na kubaki. Nakuomba tu usiichomeke kwenye umeme kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Igeuze uangalie mgongoni pameandikwa volti ngapi. Mitumba mingi ya Japani ilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na wetu ni 230. Ukikuta ni ya huko, tafuta transfoma ya kushusha umeme. FM yake pia haitakufaa sana, maana Wajapani walianzia megahezi 76 wakaishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Amplifaya yenyewe haidhuriki na hilo. Unga simu kwa nyuma, taarabu itapiga.

Kisha fundi aunge balbu ya kizamani, ile ya waya unaowaka, katikati ya waya mmoja wa umeme unaoingia kwenye redio. Mkiwasha, balbu iwake mara moja kisha ififie. Ikibaki inang'aa, kuna shoti ndani. Zimeni, transista zimenusurika. Na hata mkishazima, kapasita kubwa, yaani vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki na umeme. Mtu asitie mkono humo mpaka mita ya kupimia volti isome sifuri, nakusihi sana katika hili.

Yangu ilikuwa inavuma hata sauti ikiwa chini kabisa. Kapasita kubwa zilikuwa zimekauka kwa umri, haziwezi tena kuulainisha umeme unaotoka kwenye transfoma. Fundi wa kwanza alinishauri niitupe ninunue subufa mpya. Nikatafuta mwingine, mzee mwenye subira, akaweka kapasita zenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za awali, akiangalia chanya na hasi kila moja. Mvumo ukakatika papo hapo. Sikumruhusu abadilishe kila kitu kwa mkupuo, nawe usikubali: kikiharibika kingine hapo, hamtajua kimetokana na nini.

Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, msipake mafuta ya cherehani. Pulizeni dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, mkizungushe huku na huku mara nyingi. Upande mmoja ukipotea na kurudi, anzeni na swichi, na relei ya spika (swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe) kama ipo. Jaribuni na spika za bei ndogo kwanza, za nzuri zingoje.

Nitumie picha ya mgongo wake kabla hujaipeleka kwa fundi. Pasaka nikija nitabeba mita yangu. Wewe tafuta spika za ohmu 8.

Msalimie shemeji na watoto.

Swahibu wako wa Tanga