Shoga, cha juu kitaje

Tabata, Dar es Salaam

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Huku wazima wote, ni hili joto tu, na maji yanayotoka usiku wa manane wakati watu tumelala. Nimezisikiliza sauti zako zote kuhusu wale jamaa wa mikopo ya simu wanaotaka uwe balozi wao kwenye chaneli yako ya YouTube ya vyombo. Nimeona nikuandikie, maana tukipigiana tunaishia kwenye umbea na la maana linabaki.

Jibu langu: wakatae. Milioni moja na nusu kwa video 3 si hela ya kuchezea, na najua mwenye nyumba wako alivyo. Lakini Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Umeangalia kama yao imo? Na hata kama leseni wanayo, muulize mtu yeyote aliyewahi kuchelewesha rejesho kwenye hizi kausha damu za mtandaoni. Meseji zinakwenda kwa bosi wake, kwa mkwe wake, kwa kila jina lililomo kwenye simu yake. Sasa mama wa Mbagala akope kwa sababu wewe ulimwambia ni rahisi, halafu aaibishwe mbele ya ukweni. Atamlaumu nani? Programu haina sura. Sura anayoijua ni yako.

Wazazi wetu wanaikumbuka DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela. Mpaka inazuiwa mwaka 2009 watu walikuwa wameshapanda mbegu zao humo, wakisubiri kuvuna. Wengi hawakusoma karatasi yoyote. Waliambiwa na mtu wanayemwamini, basi. Hiyo imani ndiyo hawa jamaa wanayoitaka kwako. Video zako za sufuria hawana shida nazo.

Najua utaniuliza, sasa nile nini? Swali la haki. Ulivyohangaika kufikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ili YouTube ianze kukulipa, nilidhani na mimi kwamba ukivuka hapo mambo yamenyooka. YouTube inakuachia asilimia 55 ya hela ya matangazo kwenye video ndefu, na 45 kwenye zile fupi. Ni mgawo mzuri, ila asilimia 55 ya kidogo ni kidogo. Mtangazaji halipii mtazamaji wa Tandika sawa na anavyolipia mtazamaji wa London, na watu wako karibu wote wako hapa nchini. Halafu hela haitoki mpaka zitimie dola 100. Na ile barua ya namba ya siri ya kuhakiki anwani yako, wanayoituma kwa posta ukifikisha dola 10! Nchi nzima tunaazimana sanduku la posta la shule au la kanisa, halafu mtu aliyeko huko mbali anataka barua ikufikie nyumbani. Wewe ulibahatika.

Kwa hiyo huwezi kuishi kwa matangazo ya YouTube peke yake, na sikulaumu kutafuta dili. Ninachotaka ufikirie ni nini hasa unachouza. Video iliyokutoa ni ile ya blenda. Ulisaga karanga, ikaanza kunuka waya, ukasema mbele ya kamera, "Hii msinunue." Duka lile lilikununia, lakini tangu siku ile watu wanapiga simu kukuuliza kabla hawajashuka Kariakoo. Wanalifuata neno lako kwamba kitu hiki kizuri, kile kibovu. Yeyote anayekulipa ili ulipindishe hilo neno ananunua mtaji wako wote kwa bei ya kibanda.

Wewe unawajua mawinga wa Mtaa wa Kongo kuliko mimi. Winga anamshika mgeni wa mkoani mkono, anamwambia "dada njoo nikupeleke kwa bei ya jumla," anamwingiza duka ambalo si lake, na cha juu, ile hela aliyoiongeza kwenye bei, kinakaa katikati bila mgeni kujua. Lakini wapo mawinga wengine ambao wafanyabiashara wa Songea na Bukoba wana namba zao na hawanunui bila wao. Hao nao wanakula, tena vizuri. Tofauti ni kwamba mteja anajua winga wake anapata ngapi na kwa nani. Sioni kama kazi yako iko mbali na hiyo, na wala si tusi.

Ndiyo maana ningekushauri uifanye rasmi ile kazi unayoifanya kama msaada. Watu wa mikoani wanakutumia hela uwanunulie vyombo, unazunguka juani, unafunga mzigo, unaupeleka stendi ya Magufuli Mbezi, na nauli ya bodaboda unatoa mfukoni kwako. Weka ada, itangaze kwenye video, piga picha risiti umtumie mwenye mzigo. Watalipa bila kinyongo. Ila hapo pana mtego mmoja: maduka nayo yataanza kukupa kamisheni kwa kila mteja. Ukipokea huku na huku kimya kimya, mtu wa Songea anadhani unamchagulia sufuria bora kumbe unamchagulia duka linalokupa zaidi. Chagua upande mmoja wa kukulipa. Kama huwezi, mwambie mteja, "Duka hili linanipa kitu." Atakayekimbia kwa hilo hakuwa wako.

Na matangazo ya maduka usiyaache. Chukua, lakini sema kwa mdomo wako mwanzoni kabisa kwamba umelipwa. YouTube ina kisanduku cha kutia alama kuwa video ina tangazo la kulipiwa, na lazima ukitie. Lakini ule ujumbe unakaa sekunde 10 tu pale juu ya video, na wengi wa watu wako wanakusikiliza huku wakikaanga vitumbua. Hawataona kitu. Na blenda ya bure ni malipo pia, usijidanganye kwamba ni zawadi. Kuna wanaosema mtazamaji wa Bongo hajali. Pitia komenti zako uone ni wangapi wanaouliza "umepewa ngapi?" Wanajali, ila wanasamehe haraka wakiambiwa ukweli mapema.

Matangazo ya krimu za kung'arisha ngozi, hata tusiyazungumze.

Kodi nayo usiisahau. Tangu Sheria ya Fedha ya 2024, kampuni ya hapa ikikulipa kwa maudhui inatakiwa izuie asilimia 5 ipeleke TRA. Ukitaja bei, itaje ukijua hilo, na udai cheti cha zuio, kitakufaa wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Wasikwambie hawakijui.

Hao wa mikopo wajibu leo, kwa mstari mmoja. Usiwaelezee sababu, ukianza kujieleza watapandisha dau, na mimi nakujua.

Kuhusu wale wa majiko ya gesi, hao naona wanafaa, ila mkataba ulionitumia picha yake una kifungu kinachokukataza kuonyesha majiko ya kampuni nyingine kwa mwaka mzima. Mtu anayelinganisha vyombo atalinganisha na nini sasa? Waombe wakiondoe, au kiwe mwezi ule wa tangazo tu. Na pale walipoandika kwamba video lazima waipitishe kwanza, ongeza kwamba wanarekebisha jina na bei, siyo maoni yako. Nusu ya hela ije kabla hujashika kamera. Jumamosi nitakuja Sinza tuusome wote kabla hujasaini, uniwekee na lile dumu la mafuta ya nazi uliloniahidi.

Msalimie mama. Mwambie hela yake ya kikoba natuma Ijumaa.

Ni mimi shoga yako,
Rehema